Mkwe Hapangwi na Mkwewe

Ndandalo, Kyela
3 Juni 2025

Lugano,

Salamu zako zipo, nimezikalia. Utazipata siku utakayozistahili.

Simu sikupigii. Nikikupigia, nikifika kwenye neno lenyewe unasema, "Bibi, mtandao unakata." Barua haikati. Nimempa Jubilate, yule anayepeleka ndizi Mbeya, na nimemwambia asibanduke mlangoni kwako mpaka akuone unasoma. Kwa hiyo soma, na usiruke mstari. Mwandiko wangu ni wa ngumbaru, lakini matusi yake yanasomeka.

Nani alikutuma uvuruge zamu za kibanda cha kuvundikia kokoa?

Ulipotuletea huo mfumo wako wa kompyuta, wanawake wa kikundi cha kokoa waliukataa. Walisema, "Kompyuta itatujuaje sisi?" Nikasimama mimi. Nikasema hii ni ya mjukuu wangu, na mjukuu wangu anatujua. Nawe nilikuambia kwa mdomo wangu, umekaa jikoni kwangu unakula ndizi zangu: wanawake wageuze kokoa asubuhi, wanaume jioni. Ukasema, "Ndiyo, Bibi." Ukapanga hivyo, tukakaa kwa amani, ujumbe unaingia kwenye simu, mtu anajua zamu yake, basi.

Sasa zamu zimechanganyika kama mchele na chuya. Mwezi uliopita mkwe wangu Rut alipata ujumbe. Nilimwambia anisomee, akanipa simu nisome mwenyewe, na nikasoma: "Rut, kesho saa moja asubuhi utageuza kokoa pamoja na Hebroni. Thibitisha kwa kujibu jina la mwenzako."

Hebroni! Babu yako! Baba mkwe wake! Umempanga mkwe na mkwewe kibanda kimoja, chenye mlango mmoja, wakainamie sanduku moja. Na kama hiyo haitoshi, unamtaka mwanamke amtaje baba wa mumewe kwa jina, aliandike kabisa na kulituma.

Rut hakujibu. Angejibu nini? Asubuhi hakwenda. Babu yako anasema yeye alikwenda, akangoja, akashindwa kupindua masanduku peke yake. Kokoa ikalala bila kugeuzwa, ikashika ukungu. Mfumo wako ukaandika: Rut, mtoro. Wiki iliyofuata ukawapanga tena wawili hao hao, ukamwandika tena mtoro. Akiandikwa mara ya tatu anatolewa kikundini. Ndiyo sheria yetu, na mimi mwenyewe niliinyooshea mkono.

Akitolewa, kokoa yake ataivundikia wapi? Auze mbichi njiani kwa wachuuzi, kama mtu asiye na kwao? Miche ile aliipanda mwenyewe, na mimba tumboni.

Nimemwendea mwenyekiti Oscar. Ananiambia, "Mama, mfumo ndio umesema." Nikamwambia huo mfumo nimeupangusa kamasi mimi.

Rudisha kama ilivyokuwa.

Bibi yako,
Tupokigwe


Mbeya
6 Juni 2025

Bibi, ugonile.

Jubilate alisimama mlangoni kama askari wa magereza. Nimesoma yote, mara mbili.

Naomba nikueleze, kwa sababu sikuvuruga kwa makusudi. Mfumo ni maelekezo ninayoiandikia kompyuta. Kwenye zamu zenu palikuwa na mafungu mawili ya maelekezo: moja la kuwapanga wanawake, jingine la kuwapanga wanaume. Nilipoyaweka ubavu kwa ubavu nikaona yanafanana karibu mstari kwa mstari. Tofauti ilikuwa saa tu. Katika kazi yetu hilo ni kosa, maana ukibadilisha fungu moja lazima ukumbuke kubadilisha na jingine.

Na unakumbuka nilivyosahau. Kikundi kilipobadilisha siku za kugeuza, nilirekebisha fungu la wanaume, la wanawake likabaki na siku za zamani. Wanawake wakafika kibandani wakakuta kumefungwa. Ukanipigia simu ukaniita jina ambalo sitaliandika hapa. Ukasema, "Rekebisha, na lisirudie tena!"

Ndiyo nikarekebisha. Niliyaunganisha mafungu yote mawili yakawa fungu moja, nikaliweka kwenye folda niliyoiita "pamoja". Kurasa zote za mfumo zinachota humo. Kitu kikiwa na kasoro, nakitengeneza mahali pamoja tu, kimepona kote. Bosi wangu aliisifu kazi ile.

Kuhusu mkwe, kweli sikufikiria. Nilidhani wanawake wanakwenda asubuhi kwa sababu jioni wanapika. Mambo ya mkwe nilijua ni ya zamani. Bado yapo? Mama mdogo Rut ana simu kubwa kuliko yangu, na ndiye anayewapigia wanakwaya kinanda. Hawezi kubonyeza herufi saba tu akatuma? Hakuna atakayemsikia.

Mjukuu wako,
Lugano


Ndandalo
9 Juni 2025

Wewe mtoto,

Nimesoma "hakuna atakayemsikia" nikaiweka barua chini, nikatoka nje nikachapa mbuzi wa watu.

Yeye mwenyewe atajisikia! Heshima ni ya kusikiwa na majirani? Basi hata wizi si wizi kama hakuna aliyeona.

Unauliza kama bado yapo. Kwa wengine hayapo, wanakaa na wakwe zao meza moja wanachekeana, mimi sijawahukumu. Hapa kwangu yapo. Babu yako akija na njia, Rut anaingia migombani, anajifunika kitenge mpaka apite. Babu yako naye akifika kona anakohoa, ili mwenzake apate nafasi ya kuingia hiyo migomba. Hakuna anayemlazimisha mwenzake.

Nikupe mfano, labda utaingia kichwani. Mwezi wa Kwaresima Rut alipewa kusoma neno kanisani. Akafika pale Daudi anapokwenda kukaa Hebroni. Mji huo, Lugano! Mji tu, wa Wayahudi, haujawahi kulima mpunga Kyela! Rut akasimama kidogo, akasoma, "Daudi akakaa katika mji ule." Kanisa zima likajua. Mchungaji akatabasamu. Na babu yako, benchi la mbele, akainamisha kichwa. Nilimwona nilivyomwona siku anamwozesha mwanawe. Mwanamke asiyetaja mji wa Biblia, wewe unamwambia abonyeze herufi saba.

Na hilo la kwamba mimi ndiye niliyekugombeza mpaka ukaunganisha. Sikatai, niligombeza. Nilisema rekebisha. Nilisema changanya?

Jikoni kwangu kuna vyungu viwili vya Ikombe, vimefinyangwa na mama mmoja, udongo mmoja, mdomo mmoja. Ukivitazama hujui kipi ni kipi. Kimoja ni cha samaki wa usipa, kimoja ni cha maziwa. Njoo na elimu yako useme, "Bibi, hivi vinafanana, tubaki na kimoja." Halafu ukae unywe hayo maziwa, na bosi wako uje naye.

Rut hali vizuri. Anaamka anatazama simu kama mtu anayengoja habari ya msiba. Zamu nyingine inakuja. Mtoe hapo.

Tupokigwe


Mbeya
12 Juni 2025

Bibi,

Nimeelewa, na nimerekebisha usiku huu huu. Ndani ya lile fungu la pamoja nimeongeza sharti: kama ni Rut na kama ni Babu, wasipangwe zamu moja. Kuthibitisha nako si kwa jina tena, mtu anajibu NDIYO tu.

Nimeujaribu, unafanya kazi. Mwambie mama mdogo alale usingizi.

Lugano


Ndandalo
14 Juni 2025

Lugano,

Kama ungekuwa karibu ungeshapigwa.

Jana jioni simu zimelia kijiji kizima. Zote kwa pamoja, kama kengele ya moto. Mashine ya mpunga ilizimwa watu wasome. Nakuandikia kama ulivyotuletea, neno kwa neno: "TANGAZO KWA WANAKIKUNDI WOTE. Zamu imebadilishwa. Sababu: Rut na Hebroni hawaruhusiwi kuwa pamoja kibandani."

Hawaruhusiwi! Na nani? Kwa nini? Wamefanya nini kibandani?

Ndivyo watu wanavyoulizana. Leo nilikwenda kisimani. Mama mmoja, sitamtaja, ameniambia, "Pole, dada. Wanaume wazee ndivyo walivyo." Mimi! Pole! Nimempa ndoo yake mkononi nikamwambia aende akazipe pole nywele zake.

Baba yako mdogo Angetile alikuwa ng'ambo ya mpaka, Karonga, na mzigo wake wa mchele. Ujumbe umemfuata huko huko. Akarudi asubuhi bila mzigo. Hakumsalimia baba yake. Alisimama uani akaniuliza mimi, "Mama, kuna nini kati ya baba na mke wangu?" Nimemzaa mtoto huyu, Lugano, na nilitamani nisingemzaa apate kuuliza swali hilo. Nikamweleza mambo ya kompyuta yako. Alisikia, lakini uso wake haukusikia.

Babu yako hatoki ndani. Rut amefunga nguo zake kwenye kitenge, anasema anarudi kwao Ngana, kikundi wabaki nacho. Oscar ameitisha mkutano Jumamosi ijayo, na ajenda ni moja: Rut.

Watu wawili waliokwepana miaka tisa kwa heshima, wewe umewakutanisha kwenye simu za watu wote.

Usinitumie "nimeujaribu, unafanya kazi". Sitaki kazi yake.

Tupokigwe


Mbeya
17 Juni 2025

Bibi,

Ni kosa langu. Ile sababu niliiandika ili nijikumbushe mwenyewe. Nilisahau kwamba kwenye "pamoja" kuna fungu jingine la kutuma matangazo, nalo huokota sababu yoyote linayoikuta na kuipeleka kwa kila mtu. Nililiweka hapo kwa ajili ya "sababu: mvua" na "sababu: msiba". Halijui tofauti ya mvua na mtu. Nimelizima. Nimewatumia watu wote ujumbe wa kuomba radhi, ingawa najua radhi haina mbio kama tangazo.

Lakini na mimi nina hasira, Bibi, niseme. Uliniambia asubuhi na jioni. Hukuniambia kwa nini. Mtu akiniambia saa, naandika saa. Ningejua ni heshima, ningeandika heshima. Mlitaka nijue kwa kunusa?

Na kurudisha kama zamani hakutaponya. Nimetazama: wanaume wameongezeka, wanawake wengine wanataka jioni, Oscar alishaniomba nichanganye. Kwa hiyo nisaidie. Niandikie wanakikundi wote, nani ni mkwe wa nani, nami nitaweka masharti ya kila mmoja.

Nitakuja Jumamosi niwaeleze wazee?

Lugano


Ndandalo
22 Juni 2025

Lugano,

Vizuri hukuja. Ungekuja ungeeleza mafolda, watu wangesinzia, na Rut angetolewa.

Unasema ujue kwa kunusa. Ndiyo. Umezaliwa wapi, Ulaya? Lakini hilo la kwamba sikusema sababu, nimelala nalo nikaamka nalo, na sijapata jibu. Usifurahi. Nitalipata.

Wakwe za watu sikuandikii. Leo nikuandikie, kesho yatoke kwenye simu: "Sababu: fulani ni mkwe wa fulani." Tumeshaonja.

Sikiliza mkutano. Babu yako alitoka ndani, akavaa koti, akakaa mbele na wazee. Rut alikaa nyuma kabisa, ukutani, kitenge usoni. Oscar akasoma sheria. Akasema, "Rut asimame ajieleze kwa nini hakwenda zamu." Rut akasimama. Mdomo haukufunguka. Atasemaje, baba mkwe yuko pale? Oscar akasema, "Anayenyamaza amekubali."

Nikasimama bila kuitwa. Nikasema, "Mwenyekiti, mkeo anamwita baba yako nani?" Watu wakacheka. Akasema nisiuingilie mkutano. Nikasema, "Basi na wewe usiingilie ndoa za watu na kalamu." Akanipiga faini papo hapo. Sitailipa.

Ndipo babu yako akainuka. Akasema, "Siku zile mimi sikwenda." Akaendelea, "Nilijibu ujumbe, mfumo ukanihesabu nipo, halafu nikaenda zangu mpungani, ili yeye apate nafasi ya kufanya kazi bila kunikuta. Mara ya pili nikafanya vile vile. Kama ni mtoro, mwandikeni Hebroni." Akachukua kofia yake, akatoka nje, akaenda zake mbali mpaka hatukumwona. Alitoka ili mwenzake aweze kusema.

Kwa hiyo Rut alikaa nyumbani akijua babu yako yupo kibandani, naye akakaa mpungani akijua Rut yupo. Kokoa ikaoza kwa adabu.

Na mimi aliniambia alikwenda! Aliniambia uongo ule kitandani kwangu, nikauandika kwa mkono wangu, nikautuma Mbeya na gari la ndizi. Chakula nampa. Maneno simpi.

Basi Rut akafungua mdomo. Sikujua kwamba ana sauti ile. Alimsema Oscar, akausema mfumo, akakusema wewe. Akanisema na mimi, mbele ya wanawake niliowalea. Alichosema sikuandikii.

Wamemwachia kwa sharti: zamu zipangwe upya kabla ya mavuno ya Jumatatu, tarehe 30. Zikija vile vile, anatoka. Angetile amezifungua nguo za mkewe, mkewe amezifunga tena.

Tupokigwe


Ndandalo
23 Juni 2025

Lugano, mwanangu,

Ni mama yako mdogo Rut. Jubilate anangoja, kwa hiyo naandika haraka.

Nimejua kwamba wewe na mama mkwe mmekuwa mkiandikiana kunihusu. Mmoja ananionea huruma, mwingine ananiwekea sharti. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja, "Rut, unataka nini?" Nilimwambia hivyo mama mkwe mkutanoni, amekasirika, na mimi bado nimekasirika, tunasonga ugali pamoja tumenuna.

Nataka nafasi yangu kikundini. Sitaki kuipata kwa kuhurumiwa.

Toa jina langu kwenye maelekezo yako. Leo umeniandika mimi, kesho utamwandika mwenzangu Mercy, kesho kutwa mwingine, mpaka huo mfumo ujae majina ya wanawake wenye matatizo. Sina tatizo mimi. Nina mkwe.

Mama mkwe anasema utenganishe kila kitu kama zamani. Mimi naona hapana. Kokoa yetu ni moja, siku ni moja, ujumbe wa kukumbusha ni ule ule, hivyo viache kwenye "pamoja" yako. Lakini nani akae na nani, hilo si la pamoja. Hilo ni la mtu mwenyewe, likae kwa mtu mwenyewe. Kila mwanakikundi aulizwe peke yake, kwenye simu yake: nani usipangwe naye? Ajibu kwa namba. Sote tuna namba za uanachama, zimechorwa kwenye magunia yetu. Namba naweza kuiandika. Yule wa nyumba kubwa ni namba nne.

Na mfumo usiulize sababu. Usiiulize, usiiweke, usiwe na mahali pa kuiweka. Hapo ndipo ulipotuumiza.

Sijakusamehe. Nitaangalia Jumatatu.

Rut


Mbeya
26 Juni 2025

Mama mdogo,

Nimefanya kama ulivyosema. Kwenye "pamoja" zimebaki siku na kikumbusho tu. Chaguo la kila mtu linakaa kwenye ukurasa wake, halionwi na mwenyekiti wala mwingine. Jina lako halimo popote kwenye maelekezo, na sehemu ya sababu nimeifuta kabisa.

Nilipaswa kukuuliza. Samahani.

Lugano


Ndandalo
6 Julai 2025

Lugano,

Jumatatu Rut aligeuza kokoa na Mercy. Nilikwenda kuchungulia, nikawakuta wamevua makoti, jasho linawatoka, wanamcheka Oscar. Majani ya migomba wamefunika vizuri. Kokoa inanuka inavyotakiwa kunuka. Utoro wake umefutwa, na Oscar aliufuta kwa mkono wake mwenyewe huku nimemsimamia. Nguo zimerudi kwenye kamba zake. Angetile juzi alikula kwa baba yake.

Sisemi umefanya vizuri. Nasema umeacha kuharibu.

Lile swali lako la nani nisipangwe naye limenifikia. Nimejibu namba moja. Ndiyo ya Oscar. Sababu usiniulize, si umesema mwenyewe huiulizi.

Babu yako naye amejibu. Alipokwenda kuoga nilitazama simu yake. Ameandika namba mbili. Ya kwanza ni ya Rut, sawa. Ya pili ni yangu.

Nilimngoja mlangoni. Tangu mkutano nilikuwa sijamsemesha, na hili ndilo neno la kwanza nililompa: "Hebroni, namba yangu inafanya nini humo?"

Akajifuta uso polepole, akaniambia, "Mfumo haukuuliza."

Tupokigwe